Sauti Inayofika Midomo Ikiwa Imeshafungwa

Likizo iliyopita nilikaa wiki tatu mjini Shinyanga, mtaa wa Ngokolo, nyumbani kwa baba yangu mdogo. Jioni ya kwanza niliisikia taarifa ya habari nikiwa bado barabarani, namlipa kijana wa bodaboda. Nilidhani kuna mkutano wa hadhara. Kumbe ni mzee mmoja, ameketi peke yake hatua tatu kutoka kwenye televisheni, na bado ameinama mbele ili asikie.

Chumba cha pili, mjukuu wake wa kidato cha nne alikuwa amejiziba masikio kwa viganja vyake huku akisoma Kemia. Mpangaji wa uani alishahama. Hakuna aliyethubutu kumwambia mzee apunguze sauti, maana kwetu Usukumani mtu hamwambii mzee wake kwamba hasikii. Jukumu hilo likaniangukia mimi, “Daktari asiyetibu”, kama anavyopenda kuniita tangu nilipopata shahada ya uzamivu.

Nilikwepa maneno nikaenda dukani. Nilinunua hedifoni zisizo na waya, zile za Bluetooth, nikaziunganisha na televisheni, nikamvisha. Nyumba ikatulia kwa mara ya kwanza. Baada ya dakika kumi alizivua akaziweka mezani kwa upole wa mtu anayerudisha zawadi.

“Mwanangu,” aliniuliza, “hawa wanaosoma habari mmewafundisha ninyi huko chuoni? Midomo inasema lake, masikio yananiambia jingine.”

Nilicheka, kisha nikazivaa mwenyewe. Alikuwa sahihi. Msomaji habari alifunga mdomo, na neno lake la mwisho likanifikia baadaye. Si kwamba hedifoni zilikuwa mbovu. Katika mawasiliano ya aina hii televisheni huibana sauti, huikata vipande, na kuvirusha hewani. Hedifoni huvipokea, huviweka akiba kidogo ili sauti isikatikekatike, kisha huvifungua. Safari hiyo mara nyingi huchukua milisekunde 150 hadi 250. Kwa anayesikiliza muziki hilo si kitu, kwa kuwa hana midomo ya kulinganisha nayo. Kwa anayetazama uso wa mtu, ni kero. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano ulikwishapima jambo hili: mtazamaji wa kawaida huanza kugundua ucheleweshaji sauti inapobaki nyuma ya picha kwa milisekunde kama 125. Sauti ikitangulia picha, hugundua mapema zaidi, kwenye milisekunde 45, pengine kwa sababu tumezoea kumwona mpasua kuni wa ng’ambo ya bonde akishusha shoka kabla ya mlio kutufikia, na hatujawahi kuona kinyume chake.

Nilijaribu kurekebisha kwenye mipangilio ya televisheni, nikaharibu zaidi. Baadaye nilielewa kwa nini. Kwenye televisheni nyingi kipengele hicho huichelewesha sauti tu, na yetu ilikuwa imeshachelewa. Kilichohitajika ni ama kuichelewesha picha, jambo ambalo baadhi tu ya televisheni huliweza, ama kuifupisha safari ya sauti.

Lakini swali lililonisumbua usiku ule halikuwa la vifaa. Mjukuu alizijaribu hedifoni zile zile, akasema zinachelewa kidogo ila anaelewa kila neno. Kwa nini babu yake hakuelewa kabisa?

Jibu lilikuwa Geita. Baba mdogo aliingia maduarani Nyarugusu akiwa kijana, alipokuwa na nguvu na njaa kwa kiwango kimoja. Baadaye aliajiriwa na mkandarasi mmoja, ambaye sitamtaja, kushika mashine ya kutobolea miamba. Mashine hiyo hutoa kelele zinazozidi desibeli 100, ilhali kiwango kinachotumika sana duniani kwa kazi ya saa nane ni desibeli 85. Kinga ya masikio aliyopewa, anasema, ilikuwa pamba aliyoichomoa mwenyewe kwenye godoro. Alipotoka hapo alirudi kwa wachimbaji wadogo, akasimamia karasha mchana kutwa.

Kelele za namna hiyo huua chembe nyororo za sikio la ndani, nazo zikifa hazioti tena. Hutangulia kufa zile zinazopokea sauti nyembamba. Ndiyo maana mtu aliyeumia hivyo hukwambia kwamba anakusikia ila hakuelewi. Irabu zinampata vizuri. S, f, sh na t zinampotea. Anajazia mapengo hayo kwa macho. F inaonekana pale meno yanapogusa mdomo, p na m pale midomo inapokutana. Kwa miaka mingi, bila kufundishwa na mtu na bila yeye mwenyewe kujua, baba mdogo amekuwa akisoma midomo yetu. Mimi nilimletea chombo kilichotenganisha midomo na sauti, nikakiita msaada.

Suluhisho la kifaa lilipatikana. Zipo hedifoni zenye kitako chake, kinachochomekwa kwenye tundu la sauti la televisheni na kurusha kwa mawimbi ya redio moja kwa moja, bila mabano yale marefu. Ucheleweshaji wake haugunduliki. Ipo pia njia ya kirusha Bluetooth cha kasi, mradi kirusha na hedifoni vyote viwili viwe na uwezo huo, kwani kimoja peke yake hakitoshi. Na asiye na fedha asiudharau waya mrefu, maana wenyewe hauchelewi kabisa. Tulichagua zenye kitako, kwa bei iliyozidi mara mbili ile ya kwanza, na nikafunga sauti yake kwenye kiwango cha wastani. Hedifoni zikipazwa bila kipimo zinaweza kumaliza hata hicho kidogo kilichoachwa na migodi.

Wiki iliyofuata tulikwenda hospitali akapimwe. Alikuwa na zaidi ya miaka sitini, alishatumikia mawe maisha yake yote, na hiyo ndiyo mara ya kwanza mtu kumpima masikio. Mtaalamu alimwonyesha mchoro wa usikivu wake, mstari unaoshuka ghafla upande wa kulia kama ukingo wa shimo. Aliutazama kimya. Kisha akasema, “Kumbe sikuwa mkaidi.” Nyumbani walikuwa wakimwita mkaidi.

Hapa ndipo naomba wasomaji wangu walio ofisini wanisikilize. Tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Tunayo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na Mfuko wake ulianza kazi Julai 2015. Ni mambo mema. Lakini mfuko unaochangiwa na waajiri humfaa mwenye mwajiri. Mchimbaji wa duara anayelipwa kwa mgawo wa mawe amchangie nani? Na sikio halitoki damu. Mguu ukivunjika shimoni watu hukimbia na machela. Usikivu huondoka taratibu, bila shahidi, na aliyeupoteza huambiwa mkaidi.

Nchi yetu inaifahamu sauti iliyocheleweshwa. Januari 2016 Waziri wa Habari, Nape Nnauye, aliliambia Bunge kwamba televisheni ya taifa haitarusha tena vikao vyote moja kwa moja, kwa sababu ya gharama. Tulibishana sana, na kwa haki, kuhusu wananchi kusikia mchana yasemwayo mchana. Lakini sikumbuki hata mmoja wetu, mimi nikiwamo, aliyeuliza ni wananchi wangapi wa ukanda wa dhahabu waliokuwa hawasikii hata yale yaliyorushwa moja kwa moja.

Hedifoni mpya zilileta tatizo jingine dogo. Baba mdogo akiwa amezivaa, sebule ilinyamaza mno. Zamani alibishana na televisheni, nasi tukambishia yeye. Basi tukakubaliana: mjukuu akisoma, babu avae, saa ya taarifa ya habari azivue, sisi tusogee, na kila anayezungumza naye amtazame usoni.

Siku ya kuondoka nilimwaga nikiwa nimeinama nafunga begi. Hakujibu. Nikainuka, nikamtazama, nikarudia. Akaniitikia papo hapo.