Meli Iliyoturudisha Nyumbani

Mkifika Bukavu asubuhi mapema na kusimama mahali pa juu, kwa mfano kule Muhumba, mtaona mji wetu umejinyoosha ndani ya ziwa kama mkono wenye vidole vitano. Kati ya vidole vile kuna meli. Zingine zinakwenda Goma, zingine zinapeleka watu na mizigo Idjwi, na mitumbwi ya wavuvi wa sambaza inarudi pwani. Mimi ni mtu wa kupenda meli. Mke wangu anajua kwamba nikitumwa karibu na bandari nitachelewa, juu ya kusimama na kutazama namna wanavyopakia.

Lakini meli ninayoingoja mimi haiko katika ziwa Kivu. Ni ya kule chini, katika ziwa Tanganyika, na bandari yake ni Kigoma. Jina lake ni Liemba. Njia ya kwenda kwake inaanzia hapa kwetu, maana maji ya Kivu yanatoka Bukavu kwa mto Ruzizi, yanashuka karibu mita 700, yanapita Kamanyola na uwanda wote wa Ruzizi, mpaka yanaingia Tanganyika si mbali na Uvira. Kila mara ninapovuka daraja la Ruzizi ninatazama chini na kusema moyoni: haya maji yanakwenda ninakotaka kwenda.

Basi niwaambie kwa nini ninaingoja.

Katikati ya mwezi wa Februari 2025, vita vilipofika Bukavu, tulilala chini katika korido ya nyumba, watu sita. Risasi zilikuwa zinalia, mara mbali, mara karibu. Msichana wangu wa miaka 9 akaniuliza: «Papa, na sisi tutakimbia?» Sikuwa na jibu. Nikaanza kumsimulia habari ya Liemba, kwa sababu mtoto anayesikiliza hadithi hasikilizi sana risasi. Kulipokucha akaniambia: «Papa, siku moja utatupandisha ile meli?» Nikamjibu: «Ndiyo, mama.» Neno likishatoka kinywani halirudi. Ni ahadi.

Na ninyi nitawasimulia kama nilivyomsimulia yeye.

Meli hii ilijengwa mwaka 1913 katika mji wa Papenburg, Ujerumani, katika kiwanda cha Meyer. Kiwanda kile kingaliko, na siku hizi kinajenga zile meli kubwa za starehe zinazozungusha matajiri baharini, zenye ghorofa nyingi kuliko hoteli zetu. Wakati ule Wajerumani walitawala Tanganyika, na walitaka meli ya ziwani. Walipokwisha kuijenga wakaifungua yote, kipande kwa kipande, wakaitia katika masanduku karibu 5,000. Masanduku yakasafirishwa kwa bahari mpaka Dar es Salaam, halafu kwa reli mpaka Kigoma. Huko mafundi wakaiunga upya. Iliingia majini mwezi wa Februari 1915, ikiwa na urefu wa mita 70 na zaidi. Jina lake la kwanza lilikuwa Graf von Götzen. Ilikuwa wakati wa Vita Vikuu vya kwanza, basi ikafungwa mizinga na kuwa meli ya vita.

Ninyi wasomaji wa Fungurume, sikieni, hapa habari inapita kwenu. Waingereza walitaka kuwapokonya Wajerumani ziwa hili. Wakaleta mashua mbili ndogo za moteri, Mimi na Toutou, kutoka Uingereza mpaka Cape Town, halafu kwa treni mpaka Fungurume. Kutoka hapo mwaka 1915 zilivutwa nchi kavu na trekta za mvuke na ng'ombe, zikavushwa milima ya Mitumba, na watu wengi wa vijiji vya huko wakakata miti na kutengeneza madaraja ili zipite. Zikafika mto Lualaba kule Bukama, zikashuka mpaka Kabalo, na mwisho zikafika ziwani kando ya Kalemie. Meli mbili ndogo za Wajerumani zikashindwa, lakini ile kubwa hawakuizamisha.

Walioizamisha ni Wajerumani wenyewe. Mwezi wa Julai 1916, walipoona lazima waondoke Kigoma, waliamriwa kuizamisha ili adui asiipate. Mafundi wale wale walioiunga wakapewa kazi hiyo. Lakini kabla ya kuizamisha walipaka mashine zote grisi nzito. Angalieni jambo hilo. Mtu anayeharibu kitu kwa hasira hapaki grisi. Wao walitii amri, lakini waliizamisha kwa namna ambayo siku moja mtu angeweza kuitoa.

Na kweli ikatolewa. Baada ya vita Wabelgiji waliiinua, lakini dhoruba ikaizamisha tena kule Kigoma. Mwaka 1924 Waingereza wakaiinua mara nyingine, na walipofungua mashine wakakuta bado ni nzima. Mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina jipya, Liemba, ambalo ni jina la zamani la ziwa lenyewe kwa watu wa upande wa kusini. Mizinga hakuna tena. Kazi yake ikawa kubeba watu, mahindi, dagaa (ambayo sisi tunaita ndakala) na mabati ya kuezekea nyumba.

Sasa nifike kwetu.

Mwezi wa Oktoba 1996 nilikuwa na miaka 15, tulikaa Uvira. Mama yangu alikuwa mshonaji. Vita vilipokaribia, watu walikimbia na godoro, na sufuria, na mbuzi. Mama hakuweza kubeba mashine yake ya kushona. Usiku ule alichukua grisi kwa jirani aliyekuwa fundi wa magari, akaipaka kichwa cha mashine chote, akakifunga katika kitenge na plastiki, akakizika nyuma ya jiko. Nilimshikia taa. Nikamwambia: «Mama, tunachelewa.» Akanijibu: «Shika taa vizuri.»

Tulitembea kwa mguu mpaka Baraka, halafu tukavuka ziwa kwa mtumbwi wa moteri, usiku, watu wamebanana, maji yanaingia. Tukafika Kigoma, na kutoka hapo wakatupeleka kambini. Nyanya yangu, mama ya mama, alifia huko. Alizikwa huko.

Mwaka 1997 HCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ilikodi Liemba ili kuwarudisha watu wa Kongo kutoka Kigoma mpaka Uvira. Makumi ya maelfu walirudi katika miezi ile. Na sisi tulikuwa ndani. Jina letu liliitwa kutoka kwa orodha, tukapanda kwa mstari, kila mtu na kifurushi chake. Hatukupewa kitanda wala kiti, tulikaa juu ya sitaha. Kumbe nilikuwa sijawahi kuona chuma kikubwa namna ile kikielea. Nikagusa misumari mikubwa ya ubavuni kwa mkono. Mzee mmoja akaniambia: «Kijana, hii meli ilikwisha kufa ikafufuka.» Nilifikiri anatania.

Tulipoona milima ya Uvira watu walianza kuimba. Mama hakuimba. Alikuwa anatuhesabu sisi watoto, akimaliza anaanza tena.

Nyumba yetu tuliikuta haina paa wala milango. Lakini nyuma ya jiko tulichimba, na ile mashine ikatoka. Mama aliifuta siku mbili. Siku ya tatu ikashona. Kwa mashine ile alinilipia shule.

Wapenzi wasomaji, ninajua kwamba mwaka uliofuata, 1998, vita vikarudi. Siwadanganyi kwamba meli ilimaliza mateso yetu. Ninasema tu kwamba ilitufikisha.

Baada ya kumaliza shule ya Biblia nilipata kuipanda tena mara mbili, na sasa kwa tikiti. Mara ya kwanza 2008, nilipotumwa kwenye mkutano wa vijana kule Mpulungu, Zambia. Mara ya pili 2014, pamoja na mke wangu. Alipoona furaha yangu bandarini alicheka akasema: «Wewe uliolewa na hii meli kabla yangu.» Ulaya kuna watu wanaopenda meli moja ya starehe, wanarudi kila mwaka kukaa chumba kile kile. Sikuwaelewa zamani. Sasa ninawaelewa.

Safari ilikuwa hivi. Meli inang'oa nanga Kigoma Jumatano jioni, na ukijaliwa unafika Mpulungu Ijumaa. Juu kuna vyumba vya vitanda viwili, chini kuna daraja la tatu, mabenchi na watu wamelala kati ya magunia. Ziwa lenyewe lina urefu wa kilomita 670 na zaidi, na kina cha mita 1,470. Duniani kote ni ziwa moja tu linaloshinda hili kwa kina, Baikal la Urusi. Mchana unaona milima ya Mahale wanapokaa sokwe. Upande wa pili, hewa ikiwa safi, unaona milima ya Kongo, na moyo unashtuka kidogo.

Lakini uzuri wake ni usiku. Mahali pengi hakuna bandari. Meli inapiga honi, inasimama gizani, halafu unaona taa ndogo ndogo zinakuja: ni mitumbwi. Inajipanga ubavuni, watu wanapiga kelele, magunia ya ndakala yanapanda, mabati yanashuka, mtoto anapokelewa kutoka mkono mpaka mkono, mama anafuata akicheka. Dakika arobaini hivi, halafu honi tena, na taa zinarudi kijijini. Kwa kijiji kile, meli ndiyo barabara na ndiyo soko. Mwaka 2015 ndiyo iliyowatoa pia wakimbizi wa Burundi waliosongamana katika kijiji cha Kagunga, ikiwapeleka Kigoma watu mia kadhaa kila safari. Nilipoona picha zile nilimtafuta kwa macho mama mmoja anayehesabu watoto.

Miaka michache baadaye Liemba ilichoka. Ikaacha safari zake za kawaida, ikafungwa kamba bandarini. Nilisikitika kama mtu aliyesikia mzee wa familia ameingia hospitali. Halafu mwaka 2023 nikasikia habari njema: serikali ya Tanzania imetia sahihi mkataba na kampuni kutoka Kroatia ili meli ifanyiwe matengenezo makubwa, irudi kazini. Tangu siku ile ninafuata habari zake. Nikikutana na mfanyabiashara aliyetoka Kigoma, swali langu la kwanza si bei ya mafuta. Vijana wa hapa wamekwisha kunijua: «Pasteri, bato yako iko namna gani?»

Nina haraka, lakini ninajikataza haraka. Hapa kwetu, tarehe 3 Oktoba 2024, meli Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma, mbele ya macho ya watu waliokuja kupokea ndugu zao. Ilikuwa imejaa kupita kiasi. Tanzania nao hawajasahau MV Bukoba, iliyozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 na mamia ya watu ndani. Ninyi mnaoshuka mashimoni kule Kamituga na Kolwezi mnajua jambo hili kuliko mimi: mtu anayesema «ingia tu, itashika» hayuko chini pamoja nawe inapoanguka. Basi mafundi waitengeneze polepole. Wazee wa pwani walisema: kawia ufike.

Wakati ninangoja, tunajitayarisha. Juu ya kabati kuna kopo la maziwa tulilotoboa kifuniko. Kila mmoja anatia franka zake, hata zile chakavu. Yule msichana ameandika juu yake LIEMBA kwa kalamu nyekundu. Nimekwisha kumwambia kwamba safari ina gharama nyingine kabla ya tikiti: pasipoti, chanjo, nauli ya kufika Kigoma. Akaniuliza: «Wewe ulikuwa na pasipoti wakati ule?» Nikamwambia hapana, nilikuwa na namba ya orodha tu.

Ndiyo maana ninataka wapande. Nimepanda mara moja kwa sababu nilifukuzwa kwetu. Ninataka watoto wangu wapande kwa sababu wanataka kuona ziwa, wakiwa na sanduku la nguo na chakula cha njiani, na siku ya kurudi nyumbani imeandikwa katika tikiti. Na Kigoma tutashuka kwanza, twende mpaka kaburi la nyanya, kama bado linaonekana. Mama yangu anasema analijua mahali lilipo. Ana miaka 71 sasa, na yeye pia ametia franka katika kopo.

Vijana wetu, jioni ya leo waulizeni wazee wenu: wakati wa vita mlipanda nini ili kurudi? Wengine watasema lori, wengine miguu, wengine mtumbwi. Mwacheni aseme yote, msimkate. Na akiwa alificha kitu chini ya udongo kabla ya kukimbia, mwulizeni alikipaka nini.