Samunge: Kikombe, Mfereji na Mtandao

Atokaye Karatu kwenda Samunge huteremka hadi Mto wa Mbu, akaiacha barabara kuu na kushika njia ya Engaruka. Mlima Oldoinyo Lengai husimama ubavuni, Ziwa Natron huonekana likiwaka kwa magadi, kisha gari hupanda ukingo wa Bonde la Ufa kuingia tarafa ya Sale. Katika njia hiyo ndefu, simu hupoteza mtandao, ikaupata, ikaupoteza tena. Aliyezoea kuwajulia hali watoto kila saa hana budi kuwaachia kwa Mwenyezi Mungu.

Mwaka 2011 jina la kijiji hiki lilivuma Afrika Mashariki nzima. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, aliyefariki dunia Julai 2021, alikuwa akitoa dawa ya mitishamba, kikombe kimoja kwa Sh 500. Habari zilikwenda kwa mdomo, kwa redio na kwa simu. Foleni ya magari ikaripotiwa kufika kilomita 26. Wapo waliofia katika foleni hiyo, na wapo walioacha dawa za hospitali. Waislamu nao walikuwamo.

Dini yetu, katika Surat al-Hujurat, inatuamrisha tuhakikishe habari kabla ya kuitendea kazi. Lakini mwanakijiji atahakikishia wapi, ikiwa uvumi humfikia bure na elimu humfikia kwa bei asiyoiweza?

Serikali haikukaa kimya. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2006, huzipa kampuni za simu ruzuku zijenge minara mahali ambapo faida pekee isingezifikisha. Mei 2023 ilisainiwa mikataba ya minara 758 kwa ajili ya vijiji vya nchi nzima. Ni jambo la kushukuru. Hata hivyo, mnara ukisimama kilimani, bado mzazi anatakiwa auze mbuzi apate simu janja, kisha kila siku atafute bando. Sh 500, bei ile ile ya kikombe, yaweza kwisha kabla mtoto hajamaliza somo moja la video.

Jibu pengine limo Samunge kwenyewe. Wenyeji wake ni Wasonjo, ambao hujiita Batemi, mabingwa wa kale wa kilimo cha umwagiliaji. Maji ya chemchemi huongozwa katika mifereji na kugawanywa kwa zamu chini ya usimamizi wa wazee. Wanajua kwamba kitu kichache kikiwa na utaratibu huwafaa wengi.

Kule Kondoa, wananchi wakishirikiana na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dodoma walianzisha mtandao wa jamii uliounganisha shule. Hapo gharama hubebwa na wengi, wala si kila mtu na bando lake.

Nasi Waislamu tunayo mizani ya jambo hili. Sayyidna Uthman bin Affan, Allah amridhie, alikinunua kisima cha Ruma mjini Madina, ambacho maji yake yalikuwa yakiuzwa, akakitoa kwa ajili ya watu wote. Mwenye uwezo leo aweza kulipia intaneti ya shule, madrasa au zahanati moja ya kijijini, ikawa sadaka yenye kuendelea. Tusisubiri mpaka wa mwisho kwenye mfereji afe kiu.