Sauti Inayofuata Vibao

Wengi wetu tumezoea kinanda cha mti: ukibonyeza kibao cha kuume, sauti ni nyembamba, ukibonyeza cha kushoto, sauti ni nene. Hatuulizi kwa nini, maana kila kibao kina nyuzi zake. Lakini katika vinanda vya kompyuta, vile viitwavyo sintesaiza, hakuna uzi. Kuna osilata, yaani kitu kinachotetema kwa hesabu na kuzaa sauti, nayo haijui kibao gani kimeguswa mpaka iambiwe. Amri hiyo naiita ufuataji wa vibao. Wengine huiona ni kijialama kidogo pembeni mwa programu, hawaigusi. Mimi naona ndiyo ya kutazamwa kwanza.

Hesabu yake si ngumu. Kupanda oktava moja ni kuzidisha mitetemo mara mbili: la yenye mitetemo 440 kwa sekunde inakuwa 880. Katika mashini ya Robert Moog, iliyotokea mwaka 1964, volti moja ya umeme ilipandisha oktava moja. Programu nyingi za leo huandika asilimia. Kwa asilimia 100, kila kibao kinapanda nusu-sauti moja. Kwa 50, yakupasa kupita vibao 24 ili upate oktava. Kwa 0, bonyeza popote, sauti ni ile ile. Tena pana kibao kimoja kisichohama hata ukigeuza asilimia. Mara nyingi ni do ya katikati.

Kibao hicho ndicho kinachoficha mambo. Katika kwaya moja niliyosaidia, kijana wa kinanda alileta sauti tamu aliyopewa na rafiki yake. Hapo katikati ilikuwa safi kabisa. Lakini kila Jumamosi sauti ya kwanza walilaumiwa kwamba wanapanda mno, na besi kwamba wanashuka. Maneno yakawa makali. Watatu wakasema hawarudi tena. Mama mmoja aliniambia: «Mwalimu, mimi sijapotea. Kinanda ndicho kinachonivuta chini.»

Tukafungua programu. Ufuataji ulikuwa 98. Ni tofauti ya kucheka, utasema. Basi hesabu nami: nusu-sauti moja ni senti 100, na kila kibao kilikosa senti 2. Kutoka do ya katikati mpaka sol ya juu, ambayo mama yule alipaswa kuiimba, ni vibao 19. Kinanda kilikuwa chini kwa senti 38. Na fa nene ya besi ilikuwa juu kwa senti 38. Kinanda kilikuwa kinaibana kwaya toka pande mbili, na wenye masikio mazuri ndio walioteseka. Kiongozi alimwomba mama yule radhi mbele ya wote, na ilimpasa.

Lakini asidhani mtu kwamba 100 ni sheria ya daima. Iko njia ya osilata moja kuitikisa nyingine, aliyoigundua John Chowning huko Stanford mwaka 1967. Zote mbili zikifuata vibao sawasawa, rangi ya sauti inabaki moja toka chini hata juu. Ukiifunga ile inayotikisa isifuate, kila kibao kinapata rangi yake, kimoja kama kengele, kingine kama chuma kilichopasuka. Yamaha DX7 ya mwaka 1983 iliweza hayo yote mawili, na mafundi wa leo bado wanayatumia.

Mimi nimeyatumia kwa likembe. Mzee mmoja wa mtaa wetu, fundi wa likembe, aliisikiliza ile niliyoitengeneza katika kompyuta akatikisa kichwa: «Hiyo haina mti.» Alisema kweli. Ulimi wa chuma, mrefu ama mfupi, una sauti yake, lakini ubao unaogongwa na kidole gumba ni ubao ule ule. Basi nikaweka osilata mbili: ya kwanza 100, ndiyo ulimi, ya pili 0, fupi sana, ndiyo ubao. Mzee akaniagiza kupunguza nguvu ya ile ya pili, tena kupunguza, mpaka ikabaki kidogo tu. Kisha akauliza: «Na vipete vinavyovuma juu ya ndimi, viko wapi?» Hivyo bado ninavitafuta.