Jina la Mama na Neno la Wote

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunaoishi ughaibuni tunauzingatia msemo huu katika mambo ya fedha: tunatunza risiti, tunahesabu bidhaa, tunalipa kodi. Lakini iko mali moja ambayo wengi wetu hatuiandiki popote, nayo ni jina la biashara. Kwa kuwa jina halina uzito wala halilipiwi nauli ya meli, tunadhani haliwezi kupotea.

Sisi ni ndugu wanne. Hapa Uingereza tunatengeneza achari ya embe, achari ya ndimu na pilipili ya kusaga, kwa namna aliyotufunza marehemu mama yetu. Kwenye lebo tumeweka jina ambalo majirani walikuwa wakimwita. Tulianza kwa kuuza harusini na sikukuu za Idi, kisha tukaingia madukani, na jina lile tukalisajili mapema katika ofisi ya alama za biashara ya hapa. Siku hizi mteja haombi achari. Anaomba kwa jina la mama.

Kisha binamu yetu wa Muscat, mtoto wa mjomba, akataka mzigo wa kuuza dukani kwake. Akatuambia kwa nia njema kabisa: "Nyinyi leteni mzigo tu. Jina nitalisajili mimi huku kwa jina la duka langu, msihangaike na makaratasi."

Maneno hayo yalitufanya tukae kikao, kwa sababu cheti chetu cha Uingereza kinakomea Uingereza. Alama ya biashara hulindwa nchi kwa nchi. Hata nyumbani ni hivyo hivyo: Tanzania Bara jina husajiliwa BRELA, na Zanzibar ina wakala wake, BPRA, wenye daftari jingine. Tena katika nchi nyingi anayetangulia kusajili ndiye mwenye haki, hata kama mwenziwe alitangulia kulitumia jina miaka ishirini. Aliyeandikwa anaweza kuzuia bidhaa zenye jina hilo zisiuzwe, zikiwemo za yule aliyelibuni.

Binamu yetu ni mtu mwema, lakini daftari la msajili halijui wema. Duka likiuzwa, au likigawiwa warithi, jina la mama yetu lingekwenda pamoja na rafu na mizani. Kumweleza ndugu jambo hili si kazi nyepesi. Unaogopa asije akadhani unamwita mwizi.

Hatimaye tuliomba wenyewe, kupitia Itifaki ya Madrid inayosimamiwa na shirika la WIPO lililoko Geneva. Unapeleka ombi moja kupitia ofisi ya nchi yako na kuchagua nchi unazotaka zilizomo katika itifaki. Kenya iliingia mwaka 1998, Oman 2007 na Falme za Kiarabu 2021. Kila nchi hulichunguza ombi kwa sheria zake na inaweza kulikataa. Kwa miaka mitano ya mwanzo usajili huo wa kimataifa huegemea ule wa nyumbani: wa nyumbani ukianguka, na huo huanguka. Na mwenye kuomba nje ndani ya miezi sita tangu ombi lake la kwanza anaweza kudai tarehe ile ile ya kwanza.

Jina tuliliombea pia kwa herufi za Kiarabu, maana wateja wengi wa Muscat watalisoma hivyo. Binamu tukampa mkataba wa maandishi: yeye ndiye muuzaji wetu, ana ruhusa ya kulitumia jina, na jina ni letu. Alinyamaza siku mbili, kisha akajibu: "Kama ni jina la shangazi, basi libaki kwenu."

Lakini mdogo wetu wa mwisho alitaka twende mbali zaidi. Kwa nini tusisajili na neno "achari"? Hapo tulikumbushana habari ya kikoi. Mwaka 2006 kampuni moja ya hapa Uingereza iliomba kusajili neno "kikoy" liwe alama yake. Wafanyabiashara wa Kenya na watetezi wa biashara ya haki wakapinga, na mwaka 2008 ombi likaachwa. Disney nayo iliomba "Hakuna Matata" Marekani mwaka 1994 kwa ajili ya fulana, ikasajiliwa 2003. Usajili ule haukumzuia mtu kuyasema maneno hayo, bali ulihusu kuyauza yakiwa alama ya nguo. Hata hivyo mwaka 2018 maelfu walitia saini kulalamika, kwa kuwa waliona kauli ya wote imefungiwa ghalani.

Basi nasi tungewezaje kulifungia neno "achari", ambalo hata sisi tumelikuta? Sheria yenyewe haipendi neno linalotaja bidhaa tu lishikwe na mtu mmoja. Jina la mama ni letu. Achari, ndimu na Unguja ni za kila mtu, na jirani anayeuza achari yake pembeni yetu hatudai kitu.

Kwa hiyo, ndugu zetu wenye bizari, kanga, mikate na mikahawa, kabla katoni ya kwanza haijavuka bahari, tafuteni kama jina lenu limekwisha chukuliwa kule muendako. Chagueni makundi sahihi, maana bidhaa na huduma zimegawanywa katika makundi 45: achari yetu imo kundi la 29, pilipili kundi la 30. Andikeni tarehe ya kuhuisha, kwani usajili wa hapa hudumu miaka 10. Na mwenye jina awe yule aliyelitolea jasho, hata kama muuzaji ni ndugu wa damu. Kuzungumza mapema kunasitiri undugu kuliko kesi.