Kutoka Sinza Kwenda Kunduchi Baada ya Idi



Atokaye nyumbani kwake Sinza asubuhi ya Idi Mosi, baada ya sala, hahitaji kuambiwa na mtu kuwa leo ni sikukuu. Barabara ya Shekilango imejaa tangu Bamaga hata Urafiki. Wavulana wamevaa kanzu ambazo bado zina mikunjo ya dukani, wasichana wametiwa hina mpaka vifundo vya mikono, na kila mtoto ana noti yake ya idi mfukoni, ameifumbata asije akaiangusha. Wote hao wanataka jambo moja tu, nalo ni kutoka. Kutoka kwenda wapi? Hilo huulizwa mzee wa nyumba, na aghalabu yeye hana jibu, kwani mwezi mzima alishughulika na futari na nguo, akasahau ya kuwa siku yenyewe itafika.

Sisemi haya kwa kuwalaumu wengine. Mimi ni mwalimu wa madrasa hapa Sinza kwa zaidi ya miaka 20, na kila mwaka nawafundisha watoto kuhesabu siku za mwezi wa Kiislamu kwa vidole. Walakini siku moja niliwapeleka watu wangu pwani pasipo kuhesabu chochote, na nusura niyajutie maisha yangu yote. Nitayaeleza hayo mbele.

Kwanza ieleweke kwa nini watoto wa mtaa huu wana kiu kubwa ya kutoka. Viwanja vya Sinza vilipimwa katika miaka ya 1970, pamoja na vile vya Kijitonyama na Mikocheni, katika mpango uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Wazee wetu waliopata viwanja hivyo walijenga nyumba ndogo, wakaacha ua mpana wenye mpapai na mwembe, na watoto wakacheza humo mpaka magharibi. Leo ua huo una vyumba vya kupangisha, na mbele ya nyumba pana duka la nguo au saluni. Hata wilaya yenyewe imebadilika, maana sisi tuliokuwa watu wa Kinondoni tangu mwaka 2016 tunahesabiwa kuwa watu wa Ubungo. Mtoto wa Sinza hachezi uani tena, bali hucheza kibarazani, akiangaliwa na bodaboda zipitazo.

Tena asidhani mtu kuwa kuwaburudisha watoto siku ya Idi ni upuuzi. Imepokewa katika Hadithi sahihi ya kwamba Mtume (s.a.w.) alimsitiri Bibi Aisha kwa shuka yake apate kuwatazama Wahabeshi wakicheza na mikuki msikitini, wala hakumwondoa mpaka alipochoka mwenyewe. Na Sayyidna Abubakar alipotaka kuwakemea wasichana waliokuwa wakiimba nyumbani kwa Mtume siku ya Idi, Mtume alimwambia awaache, kwa kuwa ile ilikuwa sikukuu yao. Basi mimi ni nani nimkataze mjukuu wangu asiteleze majini? Lililo juu yangu ni kujua ateleze wapi, siku gani, na nani amtazame.

Sasa nirudi kwenye kosa langu. Miaka michache iliyopita, siku ya Idi ya Fitri, tulitoka watu 9: mama yangu mzee, mke wangu, mwanangu na mkewe, wajukuu wanne, na mimi. Tulipanda gari la abiria ambalo siku ile lilidai nauli iliyopita ile ya kawaida, na kondakta akatushindilia kama magunia ya mkaa. Tulifika pwani yapata saa nne u nusu. Bahari ilikuwa imekupwa mbali mno, hata waokota kombe waliokuwa huko ukingoni mwa maji walionekana wadogo kama vidole. Watoto wakashangilia, kwani mchanga wote ulikuwa uwanja wao.

Mama yangu ni binti wa mvuvi wa Mafia. Alitazama maji kwa kitambo, akasema, "Mwanangu, leo mwezi mosi. Maji yaliyokwenda mbali hivi yatarudi mbali vile vile."

Nikamjibu, "Inshallah mama, tutaangalia," na akili yangu yote ilikuwa katika pilau.

Alisema kweli, na mimi mwalimu ndiye niliyepaswa kulijua hilo kabla yake. Idi ya Fitri ni tarehe mosi ya Shawwal, yaani mwezi umeandama usiku uliotangulia, na mwezi uandamapo bahari huwa katika bamvua. Katika pwani yetu ya Dar es Salaam, siku za bamvua maji hukupwa sana yapata saa nne au saa tano asubuhi, kisha hujaa sana yapata saa kumi au kumi na moja jioni, na tofauti ya kina kati ya hali hizo mbili huzidi mita 3. Angalia basi jinsi mambo yanavyokutana: jamaa hufika pwani wakati maji yako mbali kabisa, watoto huzoea kwenda mbali, wakubwa hula wakashiba na kujinyoosha baada ya adhuhuri, na bahari huja wakati huo huo. Ama Idi ya Kuchinja si hivyo. Hiyo ni tarehe 10 ya Dhul-Hija, karibu na siku za maji mafu, ambapo bahari haiendi mbali wala haijai sana. Wavuvi wanalijua hilo pasipo kitabu, na sisi wenye vitabu hatulitazami!

Nilisinzia. Nilipoamka, maji yalikuwa yakilamba ncha ya mkeka, na watu wamesongamana katika kipande chembamba cha mchanga kilichobaki. Tukahesabu watoto wakawa watatu. Wa nne, mvulana wa miaka 6, hayupo.

Sitarefusha. Tulimtafuta tangu alasiri hata jua likawa jekundu. Mwanangu aliingia majini na nguo zake akipapasa, na mkewe aliketi chini asiweze kusimama. Tulimkuta kwa mama mmoja muuza mihogo ya kuchoma, mbali na tulipokuwa, ameketishwa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Mama yule alituambia alimwona akilia, akamwuliza, "Wewe wa nani?" Akajibu, "Wa Babu." "Babu gani?" "Babu wa Sinza." Hakujua jina langu wala jina kamili la baba yake, wala nambari ya simu. Basi yule mama akamwambia asome Alhamdu apate kunyamaza, naye akaisoma, na akaendelea na sura alizozijua mpaka tulipofika. Nimemfundisha mtoto yule sura 14, na jina langu sikumfundisha.

Tangu siku ile sina haya kuuliza na kupanga. Na nilipotazama nyuma niliona kuwa sisi tulisalimika tu, kwa maana msongamano wa sikukuu umekwisha kutuliza wengi. Tarehe 1 Oktoba 2008, siku ya Idi ya Fitri, watoto wapatao 20 walifariki mjini Tabora kwa kukosa hewa na kukanyagana katika ukumbi wa dansi la watoto uliojazwa kupita kiasi. Mwaka 2011, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, siku chache baada ya Idi, meli ya Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, na watu waliokuwamo walizidi mno kiasi chake. Ukumbi au chombo kikishajaa, mwenye kuuza tiketi hatakuambia urudi nyumbani. Sharti wewe mwenyewe ugeuke, ijapokuwa watoto wanalia na nauli imekwisha kulipwa.

Idi ya Kuchinja ya mwaka uliofuata iliangukia mwezi wa Juni, watoto wakiwa likizoni, mvua za masika zimekwisha na kipupwe kimeingia. (Jambo hili la majira nalo halina budi kutazamwa, kwani Idi zetu hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa kizungu. Idi ya Fitri ya mwaka 2024 ilikuwa tarehe 10 Aprili, ndani ya masika. Ifikapo mwaka 2028 itakuwa imerudi mwezi wa Februari, wakati wa joto la kaskazi.) Wajukuu walikuwa wamesikia habari za Kunduchi, mahali paitwapo Wet 'n' Wild, penye madimbwi na mabomba makubwa ya kuteleza majini. Hawakunipa raha. Nikawaambia, "Tutakwenda, lakini si siku ya Idi."

Wakanuna. Mkwe wangu akasema kwa adabu, "Baba, wenzao wote watakwenda Idi Mosi." Nikamwambia, "Ndiyo sababu sisi hatuendi."

Idi yenyewe tukaifanya nyumbani. Tuliswali, tukarudi kwa njia nyingine kama ilivyo sunna, nyama ikagawiwa, jamaa wakatembelewa. Siku ya safari tukaichagua katikati ya juma la pili, na kabla ya hapo tulipiga simu kuuliza saa za kufungua, kiingilio cha wakubwa na wadogo, na kama chakula kutoka nyumbani kinaruhusiwa kuingia. Swali hili la mwisho wengi hawaliulizi, kisha sufuria la pilau huishia langoni.

Fedha zilitoka katika kibubu. Tulikianza mwezi wa Rajab, kila mtu akitia alichojaliwa, hata watoto walitia noti zao za Idi ya Fitri. Jirani yangu mmoja aliwahi kukopa ile mikopo iitwayo kausha damu ili awapeleke watoto wake matembezini siku ya sikukuu, na miezi minne baadaye alikuwa bado analipa siku ile moja. Mimi naona afadhali mtoto akose bembea kuliko baba akimbie mlango wake ukibishwa hodi.

Mke wangu, ambaye ni fundi wa cherehani, alishona nambari ya simu kwa uzi mwekundu ndani ya upindo wa nguo ya kila mtoto, zile za kuogea na zile za kuvaa, kwa sababu wino hufutika majini. Na kwa wiki nzima, baada ya kila sala ya magharibi, watoto walisimama mmoja mmoja wakataja: jina langu, jina la baba, jina la babu, mtaa, nambari ya simu. Mdogo wa miaka 4 aliigeuza ikawa kama kasida.

Tulitoka saa moja na nusu asubuhi, tukapanda gari la Tegeta. Kwa kuwa haikuwa sikukuu, sote tulipata viti, na mama yangu alikaa dirishani akitaja vituo kwa sauti: Lugalo, Tangi Bovu, Afrikana, Mtongani. Tulipofika, watu walikuwa wachache. Wanawake wetu walichagua kivuli kilichojitenga, wakakaa na watoto wadogo penye maji ya kina cha magoti, wakiwa wamejisitiri. Hilo lisingewezekana siku ya Idi Mosi, ambapo mtu hapati mahali pa kuweka hata viatu. Tuliwekeana zamu, mkubwa mmoja kwa watoto wawili, na aliye katika zamu haruhusiwi kushika simu yake. Adhuhuri tuliswali kwa mikupuo miwili, nusu wakiswali na nusu wakitazama maji.

Mimi pia niliteleza, mara moja. Msiulize zaidi.

Saa nane tukawatoa watoto majini, nao bado wana nguvu, na hapo ndipo nilipowapeleka nilikotaka mimi. Si mbali na hapo, kati ya mibuyu, yamo magofu ya Kunduchi: msikiti wa mawe uliobomoka na makaburi ya zamani yenye minara, ambayo baadhi yake ni ya karne ya 18. Waliozikwa humo walikuwa Waislamu wa pwani hii, waliofanya biashara na ng'ambo, na jamaa zao walipachika mabakuli ya kauri ya Kichina katika minara ya makaburi yao. Mabakuli mengi hayapo tena, na pamebaki mashimo ya mviringo katika chokaa.

Mama yangu alivua viatu, akawasalimu watu wa makaburini, akasimama kimya kwa muda mrefu. Alisema kwao Mafia, huko Kua, aliona majengo yaliyobomoka namna hii alipokuwa msichana.

Yule mjukuu wangu aliyepotea, ambaye sasa alikuwa na miaka 7, alitia ngumi yake ndani ya shimo moja, ikaenea sawasawa. Akauliza, "Babu, bakuli lilikwenda wapi?" Nikamwambia mengine yalichukuliwa na wezi. Akafikiri, akauliza tena kama aliyezikwa hapo jina lake linajulikana. Nikamwambia la, hili halina maandishi.

Akageuka kulikabili kaburi, akasimama wima kama asimamavyo nyumbani baada ya magharibi, akataja jina lake, la baba yake na langu, Sinza, na nambari ya simu yote pasipo kukosea. Kisha akamkimbilia bibi yake mkubwa, akamshika mkono, nasi tukaanza kurudi barabarani kutafuta gari kabla ya alasiri.