VUDEE: Usiishie stendi ya Same!

Wewe kijana wa mjini, hebu sema kweli. Milima ya Upare umeiona mara ngapi? Kila Desemba unapanda basi Dar kwenda Moshi au Arusha, na ukishapita Hedaru na Makanya milima hiyo inakusindikiza mkono wa kulia mpaka Same. Wewe unafanya nini? Umelala! Au unamsubiri kondakta atangaze dakika kumi za kuchimba dawa.

Ukichungulia dirishani unaona vumbi, miba na mkonge. Unajisemea moyoni, hivi huku nako watu wanaishi? Wanaishi, tena bomba tu. Ila wengi hawako hapo unapotazama. Wako juu kwenye baridi na migomba, sehemu kama Vudee. Na huko juu ndiko yanakotoka maji yanayowaweka mjini wale wa bondeni.

Same mjini mvua ni ya kubahatisha, milimita 500 na ushei kwa mwaka. Panda mlima, mambo yanageuka. Upepo wa Bahari ya Hindi unagonga milima, unaacha mvua yake huko, halafu upande wa Same unafika mkavu. Ndiyo maana unaweza kutoka stendi na jasho, ukafika juu ukatafuta sweta.

NDIVA, BENKI YA MAJI

Kivutio cha kwanza hakina geti wala kiingilio. Ni ndiva. Kwa nje utadhani kidimbwi tu, ukuta wa mawe na udongo, mfereji unaingia, mwingine unatoka. Lakini hiyo ni benki! Usiku watu wamelala, maji ya mto yanaingia humo taratibu. Asubuhi ndiva inafunguliwa, maji yanashuka shambani kwa nguvu, kila mtu kwa zamu yake. Ukiiba zamu ya mwenzio utaitwa kikaoni, na unajua mwenyewe sifa ya Wapare kwenye kesi. Wenyewe wanataniwa kuwa Mpare yuko radhi auze ng'ombe ashinde kesi ya kuku!

Ndiva hizo na mifereji yake wazee walichimba kwa mikono, ukoo kwa ukoo. Kazi ya pamoja huku inaitwa msaragambo: likipigwa baragumu, unatoka na jembe lako. Hakuna cha "niko bize".

Sasa ufuate Mto Vudee. Unateremka kutoka milimani, unapita Bangalala kwenye ndiva nyingine, unaelekea Makanya kule kwenye lami. Hapo ndipo pana kigugumizi. Watafiti wa maji waliofanya kazi bonde hilo miaka ya 2000 waliandika kuwa zamani maji yalikuwa yakifika Makanya, lakini sasa wa Makanya wanasubiri mafuriko. Watu wameongezeka, mashamba yameongezeka, mto ni ule ule. Anayefungua mfereji Vudee anamgusa mtu wa Makanya asiyemjua hata kwa sura.

MSITU WA SHENGENA

Juu zaidi kuna kilele cha Shengena, mita 2,462, ndicho kirefu kuliko vyote Upare. Siku ikiwa haina mawingu Kilimanjaro unaiona ile pale! Shengena imezungukwa na msitu wa Chome, hekta zaidi ya 14,000. Humo kuna ndege mdogo wa kijani mwenye duara jeupe kuzunguka jicho, kama kavaa miwani. Jina lake la kitaalamu ni Zosterops winifredae, na makazi yake duniani ni Upare Kusini tu. Wazungu wanapanda ndege kuja kumwona, wewe unapita chini yake umelala.

Msitu huo umeonja msumeno. Mti wa mkulo, wenye mbao za thamani, umekatwa sana kwa wizi. Na msitu ukiisha, hizo ndiva zitajazwa na nini? Msitu ndio sifongo ya maji, usione miti tu.

WABISHI WA HISTORIA

Ukiendelea mpaka Mbaga utaonyeshwa mapango ya Mghimbi. Wazee wanasimulia kuwa miaka ya 1860 watu walijificha humo wakiwakimbia wakamata watumwa. Huko huko kuna jiwe la Malameni, ambako inasemekana watoto walitolewa kafara enzi hizo. Ni habari ya kusisimua mwili, usiende ukacheka cheka.

Ila mimi stori inayonikuna zaidi ni ya Mbiru. Mwaka 1942 serikali ya Waingereza ilileta kodi ya kupimiwa kila mtu kwa mali yake. Wapare wakauliza: nani anapima, na anapimaje? Jibu la kueleweka halikupatikana. Januari 1945 maelfu wakashuka kutoka milima yote, wakaenda kuketi Same, makao ya wilaya. Hawakushika mkuki. Walikaa tu! Mwaka 1946 kule Usangi, Upare Kaskazini, akina mama nao wakaingia. Vitabu vya historia vinasimulia kuwa walimtaka mkuu wa wilaya amalize ugomvi waume zao warudi nyumbani, la sivyo awape mimba yeye mwenyewe! Hatimaye kodi ile ikafutwa.

Unaona? Watu waliozoea kugawana maji kwa zamu na hesabu ya wazi, huwezi kuwaletea kodi ya gizani.

UNAFIKAJE?

Shuka Same, lala hapo, asubuhi ulizia gari au bodaboda za kupanda milimani. Kipindi cha mvua barabara ni utelezi, usijifanye dereva wa rali. Msitu wa Chome uko chini ya TFS, kwa hiyo kibali kwanza, na mwenyeji wa kukuongoza. Beba sweta na viatu vya kukanyagia, hizo raba nyeupe ziache Sinza. Ukiwa na siku ya ziada, Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, iliyopandishwa hadhi mwaka 2008, iko hapo hapo jirani na Same, na faru weusi wamo.

Chakula usiwe na wasi, kuna makande. Ukikuta ndiva, usioge humo wala usitupe chupa. Kuna mtu huko chini anasubiri maji hayo.

Kazi kwako.