Maziwa au Krimu

Katika Kiswahili, rangi zinazofuata ngeli ni tatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu. Ukuta mweupe, nyumba nyeusi, vitambaa vyekundu. Nyingi ya zilizobaki tumeziazima kwenye vitu: kijivu kwenye jivu, kijani kwenye jani, kahawia kwenye kahawa. Ndiyo maana dukani ukiambiwa "hii ni maziwa, ile ni krimu", una haki ya kuuliza: maziwa ya nani? Ya ng'ombe wa asubuhi au ya pakiti? Na krimu si inatoka kwenye maziwa hayohayo?

Swali hilo nimekaa nalo wiki mbili kwa sababu ya chumba cha mama. Anashuka kutoka Lushoto kuja kukaa nami hapa Tanga. Hataki kabisa, ila vile vilima vimeshamshinda magoti. Nikasema basi, angalau chumba kimpokee.

Fundi akanipakia mabaka mawili ukutani, kila moja ukubwa wa gazeti lililofunguliwa. (Rangi ikiwa mbichi usiihukumu, iache ikauke.) Dirisha linatazama magharibi. Asubuhi mabaka yale ni mapacha. Saa kumi jioni jua likiingia, krimu inageuka siagi kabisa, maziwa imetulia. Usiku chini ya taa nyeupe, maziwa inaingia ukijivu kama wodi.

"Dada, zote nyeupe hizi," fundi akasema. "Ukishaweka pazia na kabati, nani ataangalia?"

Mama ataangalia. Mwaka jana alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, jicho la kulia. La kushoto bado; anasema halina haraka. Lenzi yenye mtoto wa jicho huwa na ukungu, na mara nyingi unjano pia. Ikitolewa na kuwekwa ya bandia, mtu anarudishiwa weupe na bluu alizokwisha kuzisahau. Aliporudi nyumbani kutoka hospitali, swali lake la kwanza lilikuwa: nani amepaka chokaa upya? Hakuna aliyepaka. Ukuta ule ulikuwa mweupe miaka yote.

Basi alipokuja kukagua chumba, alisimama mbele ya mabaka, akaziba jicho la kulia kwa kiganja. "Yako sawa tu haya." Akaziba la kushoto. "Aa, hili lina unjano." Akarudia mara tatu, huku anacheka peke yake.

Mimi moyo wangu ulikuwa kwenye maziwa. Yeye akaweka kidole kwenye krimu.

"Hii. Ndiyo ukuta niliokuwa nauona na baba yenu."

Baba alifariki miezi michache kabla ya ule upasuaji.

"Na jicho la kushoto je, mama?"

"Mwanangu, si nimeshakwambia halina haraka?"

Nikampigia fundi achukue krimu, na fremu ya mlango aipake kahawia iliyokolea, ili usiku mama auone kwa jicho lolote.